Mvua Zilizozimwa

Palikuwa na nyumba moja ambako mvua ilikuwa na saa yake ya kuripoti. Kunyesha ilinyesha ilipotaka, hilo halina mjadala, lakini kila siku saa tatu asubuhi ilibidi ihesabiwe. Nyumba yenyewe haikuwa na makuu: vyumba viwili na sebule, bati juu, na mbele ya mlango kiwanja kidogo kilichozungushiwa wavu ili kuku wasiingie. Katikati ya kiwanja lilisimama kopo refu la shaba lenye mdomo wa faneli. Ndicho kipimamvua, kimetulia kama mtu aliyeulizwa swali na bado anafikiri.

Mwenye kopo alikuwa mzee aliyeitwa Kipimo, na jina lake la kuzaliwa walilikumbuka watu wa kuhesabika. Miaka thelathini alitoa chupa iliyomo ndani ya kopo, akamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho likalingana na maji, akaandika daftarini kwa penseli. Kisha ukungu ukaingia machoni mwake. Madaktari wakauita mtoto wa jicho. Mwenyewe akasema, "Mtoto gani huyu asiyehama kwa baba yake?" Mistari ya bilauri ikaanza kumwogelea. Ndipo mkewe akaichukua kazi, na watu wa mtaani, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakamwita Bi Matone.

Mwaka huohuo akaja bwana mmoja kutoka ofisi ya mambo ya mvua, amekumbatia kompyuta kwenye boksi. Akayabeba madaftari yote thelathini kuyapeleka makao makuu, akasema, "Karatasi basi, mama. Sasa mambo yote ni humu." Akamfundisha nusu siku. "Hapa unabonyeza, inaamka. Tarehe inajiandika yenyewe. Wewe jaza kisanduku hiki kimoja tu. Jioni bonyeza Hifadhi, halafu Zima. Kazi imekwisha." Akaahidi kurudi kila mwaka kuchukua takwimu. Ofisi ikahama, ikabadilishwa jina, naye akayeyuka kama chumvi mchuzini.

Bi Matone hakujali sana. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulisifiwa, lakini kumbe kuna raha nyingine katika kubonyeza. Alipenda jinsi kioo kilivyoamka taratibu, kwanza cheusi, halafu cha rangi ya alfajiri, halafu cheupe kama maziwa. Alipenda mngurumo wake mdogo, kama paka aliyeshiba yuko chumba cha pili. Akishajaza namba ya asubuhi aliiacha mashine wazi mchana kutwa, akapita na ufagio, akapita na ndoo, na kila akipita kile kisanduku chenye namba moja kilimtazama. Hata lile neno la jioni lilimfurahisha.

"Lugha yetu ina mzaha," alimwambia mumewe. "Mtu akiwa hai ni mzima. Taa ikifa imezimwa. Sasa mimi nikibonyeza hapa nimeifanya nini?"

"Umeilaza," akasema Kipimo. "Leo ngapi?"

"Milimita kumi na mbili na nusu."

"Nilijua. Nilikuwa naisikiliza juu ya bati. Nilisema kumi na tatu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Wengine huulizana umelalaje, wao waliulizana leo ngapi.

Sasa, Kipimo alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ujanani mwake radi ilishuka kwenye waya wa jirani, ikaingia ndani ya nyumba, ikapasua redio vipande viwili na kuacha ukutani alama nyeusi ya vidole vitano. Tangu siku hiyo, mawingu yakiguna tu, hata kwa mbali, yeye alipaza sauti: "Radi inakohoa! Ng'oa!" Na mtu yeyote aliyekuwa karibu aling'oa plagi ukutani. Ya pasi, ya feni, ya redio. Kompyuta ilipoingia nyumbani ikaingia na kwenye sheria.

Basi ikawa hivyo. Mchana unaiva, joto linabana, mawingu yanasogea kama watu wanaohamisha makabati juu ya dari. "Ng'oa!" Bi Matone anatupa ufagio, anakimbia, anavuta waya. Kioo cheupe kinakatika katikati ya maziwa yake. Mashine haikuaga, haikufunga mlango wala kukunja nguo. Ilikufa imesimama.

Kesho yake asubuhi ikiamshwa, ilikuwa na neno. Kabla ya kisanduku chochote kutokea, kilijitokeza kibao kidogo katikati ya kioo: *Kazi ya mwisho haikufungwa vizuri. Rejesha?* Na chini yake maneno mawili: *Ndiyo. Hapana.*

Mara ya kwanza Bi Matone alikisoma kile kibao mara tatu. Shuleni walimfundisha kwamba kilichoazimwa hurejeshwa. Kitabu cha maktaba hurejeshwa, ndoo ya jirani hurejeshwa. Sasa mashine inauliza airejeshe kazi ya jana, irudi ilikotoka. Irudi wapi? Kazi ya jana ilikuwa mvua. Mvua imeshuka, imepimwa, imemwagwa kwenye mizizi ya mpapai. Nani anarudisha mvua juu? Akabonyeza *Hapana*, kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula nyumbani kwa watu. Kibao kikapotea. Kisanduku cha leo kikaja, cheupe, safi. Akajaza.

Akafanya hivyo miaka mitano.

Mashine nayo ilibadilika, ila kidogokidogo, kama mtu wa nyumbani anavyozeeka bila wenzake kuona. Ilichelewa kuamka. Ilianza kwa kujikagua, ikihesabu asilimia moja, mbili, tatu, huku mstari mdogo ukitambaa kama konokono. Mara nyingine ilimwonyesha tarehe ya mwaka wa zamani, akairekebisha, akaiambia, "Amka vizuri, hujaamka wewe." Mara nyingine ilikwama kwenye rangi ya alfajiri, ikabaki hapo hata chai ikapoa. Bi Matone aliketi mbele yake akiwa ameshika tama, akangoja, akahisi kana kwamba wote wawili wako katika usingizi mmoja na hakuna anayejua nani anamwota mwenzake.

Jumatatu moja akaja mhandisi wa madaraja. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya tope na mrija mrefu wa plastiki begani, ambamo mlikuwa na mchoro.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kiti. Huo mrija ni wa kupimia nini?"

"Huu hauna kipimo, mama, una daraja ndani yake."

Kipimo akacheka. "Kitendawili hicho!"

Alikuja kwa sababu ya mto. Daraja la zamani lilikuwa la chini, la mbao juu ya nguzo za saruji, na binti wa Bi Matone na Kipimo, kitindamimba wao, alilivuka kila siku kwenda zahanati ya ng'ambo alikokuwa muuguzi. Mara mbili katika miaka hii ya karibuni maji yalipanda juu ya mbao. Mara ya pili yalimkuta binti katikati. Aliushika mnyororo wa pembeni kwa mikono miwili mpaka wakamfikia kwa kamba. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja na ukimya wa siku tatu.

"Sasa linajengwa jipya," mhandisi alisema, akakunjua mchoro mezani na kuubana kwa vikombe. "Madaftari yenu ya miaka thelathini ninayo. Mazuri, hayana doa. Lakini kwa hesabu za madaftari hayo, daraja linakaa hapa." Akaonyesha kwa kalamu. "Hapa ni chini. Kila mtu wa mtoni ananiambia mvua zimekua. Wakubwa wangu hawataki maneno ya watu wa mtoni, wanataka takwimu. Nipeni ile miaka mitano ya mwisho, na kama inaonyesha mvua zimekua, nitapandisha. Mchoro unaondoka Ijumaa."

"Imo humu," Bi Matone akasema, akaigonga kompyuta kwa kiganja kama mtu anayempiga ng'ombe wake begani. "Yote."

Akaiamsha. Ikajikagua mpaka asilimia arobaini, ikaguna, ikazimika. Akaiamsha tena. Arobaini, ikaguna, ikazimika.

"Imeona wageni," akasema Kipimo.

Mhandisi akaaga, akaacha namba yake ya simu.

Jumanne binti alimpeleka baba yake kliniki ya macho, na huku nyuma akaja fundi wa kompyuta. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na watu walimwita Taratibu kwa sababu ndilo neno alilosema kabla ya kugusa chochote. Aliketi, akaweka mikono mapajani, akaitazama mashine.

"Taratibu," akaiambia. Kisha akamgeukia mwenyeji. "Mama, hii mnaizimaje?"

"Tunabonyeza Zima."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ila ya radi."

"Ya radi mnafanyaje?"

Bi Matone akaonyesha kwa mkono. Ule mvuto ulikuwa umemkaa mwilini, mkono ulikwenda wenyewe.

Taratibu akafumba macho kidogo, kama daktari aliyesikia mgonjwa amekuwa akinywa dawa ya kupaka. "Mama yangu. Hii mashine ina sahani ndani inayozunguka na kusoma. Ukiikatia umeme ghafla ni kama kumnyang'anya mtu kitabu huku kidole chake kipo kwenye mstari. Leo hataumia. Kesho hataumia. Siku moja ule mstari unachanika."

Akafungua, akapuliza vumbi, akaunganisha waya zake, akangoja. Alijua kungoja yule bwana. Jioni ilipokaribia kioo kikapata rangi ya alfajiri, kisha maziwa. Akabonyeza mahali ambapo Bi Matone hakuwahi kubonyeza, na badala ya kisanduku kimoja cha leo, vikaja vyote. Miaka mitano, safu kwa safu, mamia kwa mamia, kama madirisha ya mji unaotazamwa kutoka mbali.

Miezi ya kiangazi ilijaa. Sifuri, sifuri, sifuri, moja nzima na nusu, sifuri. Lakini ilipofika miezi ya mvua, madirisha yalikuwa matupu. Moja lina namba, manne hayana. Mawili yana namba, tisa hayana.

"Mbona hapa pamelala?" Bi Matone akauliza, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Uliandika asubuhi, mama, hukuhifadhi mpaka jioni. Radi ikaja mchana. Namba ya asubuhi ikaenda na umeme." Akakuna kidevu. "Lakini mashine huwa inaweka nakala ya dharura. Ukiiwasha kesho yake inakuuliza kama irejeshe."

"Inauliza. Kila mara inauliza."

"Ukajibu nini?"

Bi Matone akaitazama mikono yake.

"Mwanangu," akasema baadaye, "rejesha si kurudisha kitu kwa mwenyewe?"

"Ni kurudisha, ndiyo, mama. Kukurudishia wewe."

Mvua haiji peke yake, ikinyesha leo kesho ina ndugu zake. Namba ya mvua ya jana iliandikwa asubuhi, na radi ya leo ikaifuta mchana. Ndivyo zilivyokwenda zote. Mashine ilikuwa imekumbuka jua tu. Mtu asiyejua mahali pale angeisoma, angesema hiyo ni nchi ya vumbi, jengeni daraja la kuvuka mchanga.

"Nitatafuta makombo," Taratibu akasema. "Lakini usiniwekee matumaini, mama. Nitakuja Alhamisi."

Bi Matone hakumwambia mumewe siku hiyo. Kipimo alirudi kutoka kliniki na habari za foleni, akauliza, "Leo ngapi?" naye akajibu sifuri.

Jumatano mchana alisinzia kwenye kiti mbele ya kioo. Hakulala hasa, alikuwa kwenye ile sehemu ya katikati, ambapo mtu anasikia kuku na bado anaota. Akaziona siku zinapita. Zilikuwa zimeloa, zimebeba viatu mkononi, zinatembea mstari mmoja zikitoka kwenye matundu mawili ya soketi, ndogo kama siafu, kisha kubwa kama watu. Kila moja ilifika mbele ya dirisha lake, ikabisha hodi. Naye alikuwa ndani, akizijibu kwa adabu zote: hapana. Hapana, asante. Hapana, tumeshiba. Moja yao ilikuwa na kiatu kimoja. Ilimtazama bila hasira, ikajikamua upindo wa nguo, ikaondoka na wenzake kuelekea mahali penye mwanga mweupe, na maji waliyoyaacha sakafuni hayakuwa na kipimo.

Alipozinduka shavu lake lilikuwa limelowa. Akaenda moja kwa moja uani alikokuwa mumewe, akamwambia yote, bila kuweka sukari.

Kipimo akasimama. Alikuwa hajasimama haraka namna ile tangu macho yaingie ukungu.

"Miaka mitano nakuuliza leo ngapi, unanijibu, kumbe unamimina maji kwenye gunia!"

"Nilimimina."

"Kazi yangu yote!"

"Yako thelathini ipo. Iliyopotea ni mitano yangu. Na nikuulize, bwana wewe, nani aliyekuwa anapiga kelele 'ng'oa' kama kondakta?"

Kisha kitu kikaanza kumtikisa Kipimo mabega, na Bi Matone akadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko cha kukata mbavu, kile kinachokuja mahali pa kilio kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Sisi," akasema akipangusa macho, "sisi ni wapima mvua walioifukuza mvua."

"Kwa mwiko."

"Kwa mwiko na ufagio." Akaketi. Kicheko kikamwisha. "Na daraja?"

"Ndilo linaloniua."

"Basi andika!" Akamshika mkono. "Mimi nazikumbuka. Bati lilikuwa linaniambia. Ile mvua ya siku ile mtoto alipokwama mtoni, wewe ulisema themanini na ngapi?"

"Themanini na nane. Au tisini na nane. Ilikuwa na nane."

"Andika tisini na nane. Nani atajua?"

Wakaingia ndani. Bi Matone akalitafuta lile dirisha tupu, akaandika tisini na nane. Akarudi nyuma kidogo kuitazama. Namba ikakaa palepale katikati ya wenzake, nyeusi, imenyooka, imevaa kama wao. Akajaribu kuona tofauti yake na ile aliyoipima kwa jicho lake wiki iliyopita, hakuiona. Hilo ndilo lililomtia hofu. Keshokutwa yeye mwenyewe asingejua ipi aliiona na ipi aliiota.

"Mume wangu, ulipolazwa kwa homa, daftarini ulifanyaje?"

"Nilichora mstari. Nikaandika: sikuona."

"Na hukumbuki kama ilinyesha?"

"Ilinyesha sana. Hospitali nzima ilikuwa inavuja." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wake. "Ifute."

Akaifuta. Dirisha likarudi kuwa jeupe.

Alhamisi Taratibu akaja na makombo. Alikuwa amepata namba saba zilizosalia kwenye pembe za ile sahani ya ndani, na kubwa kuliko zote ilikuwa sabini na moja. Ile ya siku ya binti haikuwemo.

"Saba kati ya ngapi?" akauliza Bi Matone.

"Hapo ndipo kwenye ajabu, mama. Naweza kukwambia kati ya ngapi." Akabonyeza, kukaja orodha ndefu, nyembamba, kama uzi. "Kila mashine ina daftari lake la siri. Mtu haandiki, inajiandikia. Ikizimwa vizuri inaandika, 'nimezimwa vizuri'. Ikikatwa, ikiamka kesho yake inaandika, 'nilikatwa', na siku, na saa, na dakika. Ziko mia mbili na kumi na nne."

"Inaweka kinyongo!" akasema Kipimo.

"Inaweka kumbukumbu, mzee."

"Soma."

Taratibu akasoma, taratibu. Siku, saa nane na dakika kumi mchana. Siku, saa tisa kasorobo. Siku, saa tisa na dakika ishirini. Chumba kikajaa saa za mchana za zamani. Bi Matone alihisi anazifahamu, kama mtu anayesikia majina yakiitwa darasani baada ya miaka mingi. Akiwa kwenye ya hamsini hivi, Kipimo akainua kidole.

"Simama. Hizo ni radi zangu."

"Zako vipi?"

"Kwenye madaftari. Kila siku niliyosikia radi nilichora kijimstari kilichovunjika pembeni, kama mguu wa panzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni cha nini. Hizi unazosoma ni miguu ya panzi. Mke wangu aliendelea kuichora, ila kwa plagi."

Wakatazamana, walioweza kutazama.

"Lakini si zote ni radi," Bi Matone akasema. "Kuna lile lori la kokoto."

"Lori gani?"

"Usijifanye. Lilikuwa linapita barabarani, wewe unapiga kelele radi. Kuna siku nimeng'oa jua linawaka."

"Lilikuwa na mngurumo wa heshima lile lori."

"Na siku umeme ulipokatika wenyewe. Na siku ufagio uliponasa waya."

Wakaanza kuchambua kama mtu anayechambua mchele. Zote za asubuhi wakazitoa, kwa sababu mawingu ya pale hayakuwa na tabia ya kuguna kabla ya saa sita. Zote za miezi ya kiangazi wakazitoa. Za lori wakabishana.

"Hii ya saa kumi na moja ni radi, nakuapia," Kipimo alisema.

"Una shaka?"

"Kidogo."

"Basi inatoka."

Zikabaki mia moja na themanini.

Ijumaa mhandisi alifika na mrija wake. Bi Matone hakumpikia maneno. Alimwekea mezani karatasi mbili alizoandika kwa mkono, kwa ule mwandiko uliosifiwa. Ya kwanza ilikuwa na namba zilizosalia, na mahali pasipo na namba pameandikwa "sikuhifadhi". Ya pili ilikuwa na siku na saa mia moja na themanini. Akaeleza yote, kuanzia redio iliyopasuka mpaka neno rejesha, na hakujificha nyuma ya mumewe wala mashine.

Mhandisi alisoma muda mrefu. Nje, kuku mmoja alikuwa anagombana na wavu.

"Hizi si mvua, mama," akasema mwisho.

"Najua. Mvua sina. Hizo ni saa nilizoziua."

Mhandisi akatoa mkobani kijitabu chake. Alikuwa amenakili humo madaftari ya Kipimo, na alikuwa amenakili hata vijimstari, ingawa hakujua maana yake. Alisema mtu anayenakili hana ruhusa ya kuchagua. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, mwaka baada ya mwaka, midomo ikicheza. Kipimo alitega sikio kwenye ule mkwaruzo wa kalamu kama alivyozoea kulitegea bati.

"Kumi na saba kwa mwaka," akasema. "Kumi na tisa. Kumi na sita. Kumi na nane. Miaka thelathini haivuki ishirini." Akavuta karatasi ya pili. "Na hapa ni thelathini na sita kwa mwaka."

"Tena tumetoa za lori," akasema Kipimo.

"Maradufu," mhandisi akasema, hakumsikia. "Penseli na mashine havijuani, na vikiwekwa sambamba vinasema neno moja: mvua za radi zimekua. Hilo wakubwa wangu hawatalipuuza."

"Lakini kiasi," Bi Matone akasema. "Watauliza maji yalikuwa kiasi gani. Utawaambiaje?"

"Nitawaambia hakijulikani." Akakunjua mchoro, akaubana kwa vikombe. "Ningejua kiasi ningejenga kwa kiasi. Nisichokijua, mama, lazima nikiachie nafasi."

Akachukua kifutio. Akaifuta ile barabara ya juu ya daraja kutoka ukingo hadi ukingo, akapuliza vumbi la penseli, akaichora upya juu zaidi, urefu wa mtu mzima kutoka pale ilipokuwa. Kisha akarefusha nguzo, moja baada ya moja, mpaka zikaifikia.

Kipimo aliuvuta ukosi wa mkewe. "Amefanya nini? Niambie."

Bi Matone alikuwa ameinama mpaka jicho likalingana na karatasi. Juu ya daraja mhandisi alikuwa amechora vijitu viwili vitatu vinavyovuka, vidogo kama mbegu za ufuta. Chini yake mto ulikuwa mistari mitatu tu ya penseli. Na baina ya mto na daraja karatasi ilikuwa haina kitu, nyeupe, pana, imetulia.

"Ameacha pakubwa," akasema.

"Pa nini?"

Bi Matone aliweka kidole chake pale peupe, akakipitisha polepole kutoka upande mmoja wa daraja hadi upande wa pili.

"Pa kupita," akasema.